“Mpe rufaa”: uzoefu wangu na kozi ya uraibu kwa watoa huduma wa vijijini

Nimekaa na hasira hii miezi kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa, kwa hiyo naandika.

Kozi yenyewe siitaji jina. Ni ya mtandaoni, inawalenga wauguzi, matabibu na wakunga tunaofanya kazi mbali na hospitali kubwa. Mada ni uraibu na afya ya akili, na ukimaliza unapata pointi za kuhuisha leseni. Idadi ya masomo, muda na ada viko kwenye ukurasa wao, atakaye atavisoma huko. Mimi nina jambo moja tu, nalo lilitokea ndani ya dakika zisizozidi tatu.

Lakini kwanza nieleze nilijiandikisha kwa nini. Siku za nyuma waliniletea mgonjwa usiku, mwanamume wa makamo, mnywaji wa miaka mingi. Ndugu zake walichoka kumwona anaangamia, wakamfungia ndani ili aache. Nia yao ilikuwa njema kabisa. Siku ya kwanza akatetemeka na kutokwa jasho, wakaambiana kwamba ndiyo pombe inamtoka. Usiku wa pili akaanguka degedege. Usiku wa tatu ndipo wakamfikisha kwangu, akiokota juu ya shuka vitu ambavyo havikuwepo na kunifukuza akidhani mimi ni askari. Nilikuwa zamu peke yangu. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mama aliyeshindwa kujifungua. Nilikuwa na diazepamu ya akiba ya degedege, dripu za glukosi na tochi ya simu. Nikampa diazepamu, nikamtundikia dripu, nikakaa naye hadi gari liliporudi alfajiri.

Alipona. Ila mimi sikujua kama nilichofanya ndicho kilichomponya, au alipona licha ya nilichofanya. Swali hilo lilinikosesha usingizi muda mrefu. Pointi za leseni ningezipata kwenye kozi nyingine yoyote. Hii niliichagua kwa ajili ya usiku ule.

Sasa njooni kwenye kikao. Vipo vikao vya moja kwa moja ambamo mwezeshaji anafundisha na nyinyi mnauliza. Chetu kilikuwa jioni. Ndani ya zahanati mtandao haushiki, nikakaa kwenye benchi la nje, simu mkononi, daftari magotini. Mwezeshaji alikuwa daktari bingwa, na siwezi kumnyima haki yake, anajua kazi. Akaeleza kinachompata mnywaji anapoacha ghafla: dalili huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho, degedege huja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuweweseka kule kwa hatari hutokea kati ya saa 48 na 96. Akaeleza kwa nini: pombe imeutuliza ubongo miaka yote, na ubongo umejizoeza kupiga kelele ili kuishinda, sasa pombe imeondoka kelele zimebaki. Nilikuwa naandika huku moyo unanidunda. Alikuwa anamwelezea mgonjwa wangu saa kwa saa.

Nikanyosha mkono. Nikasema, samahani daktari, mimi niko zahanati, usiku niko peke yangu, na gari linaweza kuchelewa hadi asubuhi. Mgonjwa kama huyu akiletwa, nianze na nini wakati nasubiri?

Akajibu, “Dada, mgonjwa huyo si wa kiwango chako. Mpe rufaa.”

Nikasema rufaa nitampa, daktari, nauliza kuhusu zile saa za kusubiri. Akasema, “Tusiwapotezee wenzako muda,” na maiki yangu ikazimwa. Sikuizima mimi.

Kwenye sehemu ya ujumbe watu wakaanza kuandika. “Hata mimi nataka jibu la swali hilo.” “Jibu tafadhali, na mimi niko peke yangu.” Mmoja akaandika kwamba kwake barabara hukatika wiki nzima. Zilikuwa jumbe nyingi, zikapanda juu zikapotea, na mwezeshaji akaenda kwenye slaidi inayofuata.

Naomba mnielewe, sijakasirika kwa sababu nimeaibishwa mbele za watu. Hilo nimelizoea kazini. Nimekasirika kwa sababu kozi imeandikwa “kwa watoa huduma wa vijijini” kwa herufi kubwa, halafu swali la kijijini linaitwa kupoteza muda. Rufaa si matibabu. Rufaa ni karatasi. Kati ya karatasi hiyo na kitanda cha hospitali kuna saa nyingi, na saa hizo zote mgonjwa ni wangu, niwe na kiwango au nisiwe nacho. Halafu ni mgonjwa gani huyu! Anayeacha heroini ghafla hupata arosto ya kumfanya aililie mauti, mwili unauma, anatapika, anaharisha, lakini mara chache arosto peke yake humuua mtu mzima anayepewa maji ya kutosha. Anayeacha pombe ghafla baada ya miaka ya kunywa sana anaweza kufa. Kati ya maswali yote ambayo mtu wa zahanati angeweza kuuliza jioni ile, hilo lilikuwa mojawapo ya yale yanayohusu uhai.

Jibu nililitafuta mwenyewe. Lipo kwenye mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 2016, ambao tangu mwanzo umeandikiwa wasio mabingwa, yaani watu kama mimi. Niliusoma usiku mmoja. Diazepamu niliyompa ilikuwa sahihi. Kukaa naye kwenye chumba tulivu chenye mwanga kulikuwa sahihi. Ila mnywaji wa muda mrefu mara nyingi amepungukiwa vitamini B1, yaani thayamini, na ukimwekea glukosi mshipani bila thayamini unaweza kuuchochea ugonjwa wa ubongo unaomwacha na kumbukumbu zilizovurugika maisha yake yote. Mimi nilitundika glukosi tu. Thayamini ilikuwepo kabatini, kwenye kopo, hatua nne kutoka kitandani kwake. Hakupata madhara, namshukuru Mungu. Lakini nililia siku ile niliposoma. Kilichoniliza ni kwamba jibu hilo lingechukua nusu dakika kulitamka.

Hadi hapo ningewapa nyota moja na kuondoka.

Haki lazima itendeke lakini, na kuna somo moja kwenye kozi hii ambalo limenibadilisha. Ni lile la mazungumzo ya kumhamasisha mgonjwa, njia iliyoasisiwa na William Miller na baadaye kuendelezwa naye pamoja na Stephen Rollnick. Kabla ya hapo mimi nilikuwa nahubiri. Mtu akiniambia anakunywa, nilimhesabia ini, moyo, watoto na ada ya shule, naye aliitikia “ndiyo, dada muuguzi” na sikumwona tena. Somo lile linasema ile hamu yetu ya kumnyoosha mtu papo hapo ndiyo inayomfanya ajitetee, na kadiri anavyojitetea ndivyo anavyozidi kujiaminisha kwamba haachi. Uliza, kisha nyamaza. Mwache aseme mwenyewe kinachomsumbua.

Siku chache baadaye alikuja mama mmoja na kidonda cha mguu, ananuka pombe saa nne asubuhi. Nikamuuliza, mama, pombe inakusaidia kitu gani? Akanitazama kama nimemtukana. Kisha akasema inamsaidia kulala. Nikanyamaza. Akasema tangu mwanaye afariki halali. Nikanyamaza tena, na kunyamaza huko kulinigharimu, kwa sababu ulimi wangu ulikuwa umeshajaa mawaidha. Akasema, “Lakini siku hizi hata nikinywa silali.” Sentensi hiyo ameisema yeye. Ningeisema mimi, angeikataa. Sasa anakuja kila wiki. Hajaacha, amepunguza, na juzi ametaja jina la mwanaye bila kuinama.

Kwa somo hilo peke yake nawapandisha hadi nyota tatu. Pengine nne. Dodoso la AUDIT, la kupima unywaji wa pombe, pia wamelifundisha vizuri, maswali 10 tu, alama 8 na kuendelea unajua hapa pana tatizo la kuzungumzwa, na siku hizi naliuliza hata kwa waliokuja na homa.

Ila hebu tazameni kinachouma. Somo la kwanza kabisa la kozi hii linamsifu Sanjeev Arora, daktari wa jimbo la New Mexico, Marekani, ambaye mwaka 2003 alianzisha mpango wa ECHO kwa sababu wagonjwa wake wa homa ya ini aina ya C walikuwa wakisubiri miezi kumwona. Hakuwaambia matabibu wa vijijini “mpe rufaa.” Aliwaunganisha na mabingwa kwa video, wao wakaleta wagonjwa wao, wakajadili pamoja, wakawatibu huko huko walipo. Utafiti uliotoka mwaka 2011 ukaonyesha kwamba asilimia 58.2 ya waliotibiwa vijijini na magerezani walipona, na kwenye kliniki ya chuo kikuu asilimia 57.5. Hayo wametufundisha wao! Tukajibu na mtihani wake! Kisha mimi nikaleta mgonjwa wangu, nikazimiwa maiki.

Na kuna somo zima la unyanyapaa, zuri, linalosema usimwite mtu teja wala mlevi, sema mtu mwenye uraibu, kwa sababu jina baya humfukuza kwenye matibabu. Kikao kile kile, mwezeshaji yule yule, “hao walevi wenu huko.” Nimeliandika kwenye daftari na kulipigia mstari.

Nilituma malalamiko. Likaja jibu la kunishukuru kwa maoni yangu, bila kugusa neno hata moja nililoandika.

Nilikuwa nimepanga kumalizia kwa kuwaambia mjiandikishe hata hivyo, mchukue yale mazungumzo ya kuhamasisha, vikao vya moja kwa moja mviache. Nyota tatu. Nilishaandika hivyo. Kisha nikasema nisimsingizie mtu, nikafungua rekodi ya kikao kile ili ninukuu maneno yake sawasawa.

Swali langu halimo. Anamaliza kueleza kuweweseka, picha inaruka kidogo, na tayari yuko kwenye slaidi inayofuata. Jumbe za wenzangu hazimo pia. Atakayeitazama rekodi hiyo mwakani, akiwa peke yake zamu ya usiku na mgonjwa anaokota vitu kwenye shuka, ataona kikao ambacho hakuna aliyeuliza.

Nimefuta ile aya ya nyota tatu. Ni moja. Na wewe uliye zamu usiku huu: thayamini itangulie, au iende pamoja na glukosi.