Muvi tatu nilizoangalia na mama, ya mwisho ile ya mapanki

Mguu wa mama ulipozidi kumsumbua nilimleta kwangu Mabatini, hapa Mwanza. Jioni hatoki, basi tukawa tunaangalia muvi.

Tulianza na Queen of Katwe ya mwaka 2016, ya Phiona, binti mcheza chesi wa mtaa wa Katwe, Kampala. Kijana wa duka aliniwekea kwenye flashi iliyotafsiriwa bila kuniuliza. Muvi za kutafsiriwa nazipenda, ila kwa za ngumi. Hii ilinikera. Mafuriko yanaingia Katwe, mama yake Phiona anahaha na wanawe, na mtafsiri anawafunika kwa maneno kama anatangaza mpira. Kesho yake nikarudi kuchukua ya kawaida, nikamtafsiria mama mwenyewe, na pale Lupita Nyong'o, anayemcheza mama huyo, aliponyamaza na mimi nikanyamaza. Kuna kabinti kanaitwa Gloria kanamweleza Phiona kwamba kwenye chesi kete ndogo kabisa ikifika upande wa pili inageuka kuwa malkia. Mama akasema, "Rudisha hapo." Nikarudisha. Mwishoni kila mwigizaji anasimama na mtu halisi aliyemwigiza. "Kumbe wapo!" mama akasema, na furaha ile ikakaa naye hadi wakati wa kulala. Tisa kwa kumi.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, niliisubiri sana kwa sababu riwaya ya Adam Shafi tuliisoma kidato cha tano. Ni nzuri kwa macho: rangi, vichochoro vya Unguja, na Siti Amina anamcheza Mwajuma kana kwamba aliandikiwa yeye. Lakini Yasmin, mhusika mkuu, wa kitabuni nilikuwa namjua mpaka mawazo yake, huyu wa kwenye muvi namtazama kwa mbali. Mama alisinzia katikati. Saba.

Ya tatu nilisita kumwonyesha. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, hapa kwetu inajulikana kama filamu ya mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki minofu ikishatolewa. Mwaka 2006 iliwania Oscar, na mwaka huohuo Rais Kikwete akaikemea hadharani. Mtaani kila mtu aliibishia au kuitetea, na wengi hawakuwa wameiona. Mama wakati huo alikuwa anakaanga mapanki Igogo. Naye hakuwa ameiona.

Inaanza na mwongoza ndege wa uwanja wetu anayehangaika kuua mdudu dirishani. Halafu marubani wa ndege za mizigo, minofu ya sangara inayosafiri kwenda Ulaya, na Eliza, binti anayewaimbia marubani wimbo wa Tanzania. Baadaye tunaambiwa ameuawa. Mama alijiziba mdomo kwa khanga.

Yalipofika mapanki yenyewe, mifupa na vichwa vimeanikwa juu ya chanja, chini matope na funza, nilitaka kuzima. Mama akasogea karibu na skrini. "Haya yamelala. Sisi tulikuwa tunayawahi alfajiri, bado yana ubaridi wa kiwandani." Akaanza kunieleza huku muvi inaendelea: mgongo unaukata vipande viwili, chumvi, jua kidogo, kisha karai la mafuta yaliyochemka sawasawa. Kichwa kinauzwa peke yake, maana shavuni kuna nyama na wateja wanakigombania. Wakati anasema hivyo mkono wake ulikuwa unageuza kitu hewani kwa mwiko usiokuwepo. Daftari zangu zote za shule ya msingi zilitoka kwenye karai hilo.

Kwa hiyo nasema ninavyoiona. Sauper hakutunga funza, na hakutunga kwamba nyama inaondoka, mifupa inabaki kwetu. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950, akawala furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, karibu kuwamaliza. Wazee wa Kirumba watakusimulia ladha ya furu leo hii. Ila kwenye habari ya silaha, kwamba ndege zinazobeba minofu huja Afrika na silaha, maswali ni mengi na sikuona hata bunduki moja ikishushwa kutoka kwenye ndege. Jambo zito namna ile lilihitaji zaidi ya minong'ono. Na nilihisi anakaa na marubani muda mrefu kuliko wanawake wa kwenye chanja. Ningetamani akae pale hadi jioni, aone anayenunua ni nani, anayekwenda kulisha watoto ni nani. Sita na nusu, na sijui kama haki ni kuipa alama.

Iangalieni, watoto wakiwa wamelala. Kama nyumbani kuna mtu aliyefanya kazi ufukweni miaka ile, mketishe pembeni na umwache aongee juu ya muvi, yeye ana ruhusa.

Ilipoisha nilidhani mama atataka kulala. "Rudisha pale yule binti anapoimba," akasema. Tukamsikiliza Eliza mara mbili, ndipo nikazima.