Vifaranga wa Kishingo wa Malindi: Je, Wanastahili Bei Yao?

Katika joto la Malindi, kuku wa kishingo hafugwi kwa urembo. Shingo isiyo na manyoya humsaidia kupunguza joto la mwili, naye huendelea kula saa ambazo wenzake wamejibanza kivulini wakihema. Ndiyo maana mfugaji mmoja kando ya barabara ya kwenda Mambrui, ambaye simtaji jina kwa kuwa nina ya kumlaumu pia, huuza vifaranga wake wa kishingo kwa bei inayozidi ya kifaranga wa kawaida kwa nusu nzima, na wateja hawampungui.

Linalomstahilia sifa ni kwamba hafichi wazazi. Mnunuzi hupelekwa hadi bandani akaonyeshwa jogoo na mitetea, jambo ambalo wauzaji wengi hulikwepa. Jogoo mwenyewe ni mwekundu, mpana wa kifua, lakini mbele ya shingo, juu kidogo ya gole, yaani mfuko wa chakula shingoni, ana kishungi cha manyoya, na kishungi hicho kinasema mengi kuliko kibao cha mlangoni kilichoandikwa "kishingo halisi". Kuku aliyerithi jeni ya kishingo, yaani chembe ya urithi inayoleta shingo tupu, kwa mzazi mmoja tu huwa na shingo tupu yenye kishungi. Aliyeirithi kwa baba na mama hana kishungi, au ana manyoya machache mno, na hata mwilini manyoya yake huwa haba zaidi. Jogoo huyu amewekwa na mitetea wenye manyoya kamili, kwa hiyo kwa wastani nusu ya vifaranga wake ndio watakaotoka na shingo tupu.

Siku ya kununua hakuna anayepunjwa, kwani shingo tupu huonekana tangu kifaranga anapoanguliwa, na wenye manyoya hutengwa. Taabu huja baadaye, mnunuzi anapozalisha mwenyewe: akiwapandisha hao kwa hao, takriban robo ya vifaranga watarudi kuwa na shingo za manyoya. Si uhalisi huo, na bei ya ziada inadai uhalisi.

Upande wa kutenganisha majike na madume, kazi yake ni safi. Mitetea wake wenye mistari myeupe na myeusi huwekwa na jogoo mwekundu asiye na mistari, na vifaranga wenye malaika meusi wanaozaliwa na doa jeupe kichwani ni madume. Hili lina msingi: katika kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, kuku jike ana Z moja na W moja, dume ana Z mbili, na jeni ya mistari imo katika Z, hivyo mama huwarithisha wanawe wa kiume peke yao. Jogoo angekuwa ndiye mwenye mistari, doa lisingetenganisha chochote. Alilieleza hilo bila kuulizwa. (Dai lake kwamba chakula ndicho kinachotia ganda la yai rangi ya kahawia lipuuzwe; rangi hiyo hutokana na nasaba ya mtetea.)

Anayetaka mayai na kitoweo anunue. Anayetaka mbegu ya kishingo asubiri jogoo asiye na kishungi, au alipe bei ya kifaranga wa kawaida. Chanjo ya kideri, ugonjwa wa kuku, haimo katika bei. Mnunuzi huigharamia mwenyewe.