Jarida gani ununue kwa ajili ya disetesheni, na lipi usilitolee hata buku

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Sisi vyote tunaita jarida, lile la urembo pale saluni na lile supavaiza analotaka kuliona kwenye marejeo yako, ndo maana mwaka wa kwanza nilivyoambiwa nilete majarida matano mi nikashuka Posta kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu chini, nikabeba matano yanang'aa kweli, buku tatu tatu, lekchara akafungua moja akakutana na tangazo la manukato, akanirudishia bila neno.

Namba moja, haina ubishi, jarida la kitaaluma. Picha chache, makala inaanza na ikisiri, yaani muhtasari, mwandishi kaandikwa na chuo anachotoka, mwisho marejeo kurasa mbili tatu, na kabla ya kuchapwa wataalamu wa fani hiyo hiyo wameipitia wakaichana. Mfano wa hapa hapa ni Kiswahili na Mulika, yote ya TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani. Ila kwenye kununua usikurupuke! Makala moja tu kwenye tovuti za wachapishaji wakubwa wa nje inaweza kugonga dola 30 na zaidi, kumbe huenda maktaba ya chuo chako ilishalipia. Anza maktaba, nenda AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, halafu JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya majarida, ukifungua akaunti ya bure unasoma nyingi tu mtandaoni. Ukikwama mwandikie mwandishi mwenyewe imeili, wengi wanatuma bila hiyana.

Namba mbili majarida ya fani, ya wahandisi, wahasibu, watu wa kilimo. Anayeandika kazi anaijua, ila marejeo hamna au ya kuhesabu.

Tatu ya habari, kama The Economist lililoanza 1843. Tamu, linakupa mada, lakini makala nyingi hazina hata jina la mwandishi. Nature ya tangu 1869 ndo inachanganya watu, maana toleo moja lina habari za kawaida na tafiti zilizokaguliwa humo humo, so angalia makala yenyewe, achana na jalada.

Udaku na urembo mkiani, labda utafiti wako uwe juu ya udaku wenyewe, hapo ni dhahabu.

Sasa kuna majarida kanjanja, yanayojifanya ya kitaaluma ili yakutoze hela ya kuchapisha, hawa siwapi namba. Wanavaa nguo za namba moja kabisa, na ISSN wanayo, isikuzuzue, zile ni tarakimu 8 za utambulisho tu, hata la udaku linaweza kuwa nazo. Mshkaji wangu alituma makala Jumatatu, Alhamisi ikakubaliwa, hakuna aliyemrekebisha hata koma, kilichofuata bili ya dola. Nikamwambia kaka, litafute kwanza DOAJ, ile orodha ya mtandaoni ya majarida ya kusoma bure yaliyochujwa, wagugo hao wahariri uone kama vyuo vyao vinawajua. Akalipa. Leo tovuti haifunguki, kabaki na risiti.