Opera ya Ziwani Bregenz: Mazoezi au Onyesho?
Jukwaa la opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) la Bregenz, Austria, limesimama ndani ya maji ya ziwa Bodensee, na viti karibu 7,000 vimepangwa ufukweni kulitazama. Kila kiangazi watu hugombea tiketi za onyesho. Mimi nikiruhusiwa kuingia mazoezini, siachi.

Mazoezini unaona kazi yenyewe. Ni kweli, baadhi ya waimbaji huimba nusu sauti ili kutunza koo, na aliyefuata sauti atasikitika. Lakini muziki unaposimamishwa na kurudiwa, ndipo unapojiuliza: okestra, yaani wapiga ala, iko wapi? Imo ndani ya jengo la tamasha, nyuma ya watazamaji. Muziki wake hutolewa nje kwa spika, na waimbaji wenye maikrofoni humfuata kiongozi wa okestra kwenye skrini. Kuoanisha yote hayo jioni ya upepo si mchezo! Usiku wa onyesho hutayaona. Yamefichwa vizuri mno.

Onyesho nalo lina jua linalozama ziwani, taa zinazowaka juu ya maji, na maelfu ya watu walionyamaza kimya. Manyunyu hayasimamishi kitu, basi beba koti la mvua (mwavuli utamkera aliye nyuma yako). Mvua ikizidi, opera huhamia ndani, na huko huingia wenye tiketi za bei ya juu tu.

Mgeni wa opera aanze na onyesho. Kwa kuwa kazi ileile huchezwa viangazi viwili mfululizo, mwaka wa pili atafute nafasi mazoezini.