Ziara ya kutembezwa makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam: mtembezaji amenitibua kabisa

Sijui nianzie wapi, maana hasira haijaisha. Mtembezaji wetu alimpita Judith Leyster, mchoraji mwanamke wa Uholanzi wa karne ya 17, bila hata kugeuza shingo. Mimi nililipia ziara ile hasa kwa sababu ya picha yake, Serenade ya 1629: mpiga udi wa Kizungu kainua macho, mwanga unampanda usoni kutokea chini, vidole viko kwenye nyuzi. Nikaomba kwa adabu tusimame kidogo. Akanijibu kwenye kipaza sauti, kundi zima likisikia: “Huyo alikuwa anamwiga Frans Hals tu. Tuna ratiba.”

Anamwiga Hals, yule mchoraji maarufu wa zama zake? Leyster alipokewa kwenye chama cha wachoraji cha mji wa Haarlem mwaka 1633, na alikuwa na wanafunzi wake mwenyewe. Mmoja alipomtoroka akahamia kwa Hals, mama wa watu alipeleka mashtaka. Hakuogopa ukubwa wa jina. Alifariki 1660, na baada ya hapo jina likapotea kabisa, kazi zake zikawa zinauzwa kama za Hals. Hadi 1893 ndipo kwenye picha mojawapo, ambayo sasa iko makumbusho ya Louvre, Paris, zilipoonekana herufi zake, J na L pamoja na nyota, chini ya saini ya Hals ya kughushi. Zaidi ya miaka mia mbili mwanamke kaibiwa kazi yake, halafu leo mtu anayelipwa kutufundisha anamzika tena!

Haki yake nampa: kwa mchoraji Rembrandt alieleza vizuri mno, pale kwenye Nachtwacht, ile picha yake kubwa ya walinzi, nilisahau hata miguu inaniuma. Nilikuwa nampa nyota tatu. Lakini kila nikikumbuka ile “tuna ratiba” roho inachafuka, kwa sababu makumbusho yenyewe tangu 2021 yametundika kazi za Leyster na wachoraji wanawake wenzake, Rachel Ruysch na Gesina ter Borch, kwenye ukumbi wa heshima, hukohuko anakokwenda kumsifia Rembrandt. Hakuhitaji kupinda njia. Alitakiwa kusimama tu.

Kampuni niliiandikia. Nikaletewa shukrani za kunakili na punguzo la ziara nyingine, la Leyster hawakuligusa. Nyota mbili basi. Hapana, moja, nimeshabadilisha. Makumbusho nendeni jamani, ni mazuri sana. Kateni tiketi ya kawaida, ingieni wenyewe, msimame mbele ya huyo mpiga udi mpaka mridhike.