Siku ya utamaduni kwa wakimbizi Kigoma: pesa inakwenda kwenye tamasha, faida iko kwenye mazoezi

Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, ikikaribia, ngoma huanza kusikika jioni. Tunachopima hapa ni siku hiyo ya utamaduni pamoja na wiki zinazoitangulia, kwa namna inavyoandaliwa mara nyingi kwa Wakongo na Warundi mkoani Kigoma. Mazoezi yanapata nyota tano. Siku yenyewe mbili na nusu, na nusu hiyo ni ya chakula.

Mtu aliyeacha shamba na kazi anahitaji mahali pa kufika saa kumi jioni, ambapo asipotokea wenzake watamuulizia. Mazoezi yanampa hilo kila wiki, tamasha mara moja kwa mwaka. Miongozo ya IASC, kamati inayounganisha mashirika ya misaada ya kibinadamu, ya mwaka 2007 kuhusu afya ya akili wakati wa dharura ina ngazi nne: chini kabisa usalama na mahitaji ya msingi, kisha msaada wa familia na jamii, halafu huduma mbili za juu kwa wanaohitaji zaidi. Ngoma iko ngazi ya pili. Haichukui nafasi ya daktari, wala haishindani na njaa. Kwa hiyo usipange mazoezi siku ya mgao wa chakula, maana watu watakuwa kwenye foleni na kadi mkononi.

Sasa ngoma zenyewe. Ngoma za kifalme za Burundi, zilizoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014, hupigwa kwa idadi witiri, kumi na kitu hivi au zaidi, zikipangwa nusu duara. Katikati hukaa inkiranya, inayoongoza. Amashakwe hushika mdundo usiobadilika, ibishikizo hufuata inkiranya. Waandaaji wanapozipanga mstari mmoja ulionyooka mbele ya meza kuu ili picha zitoke vizuri, wa pembeni hawamwoni tena aliye katikati na mdundo unapasuka. Watazamaji husema vijana hawajafanya mazoezi, kumbe wamepangwa vibaya.

Ngozi nayo ina tabia zake. Ni ya ng'ombe, imewambwa kwa vigingi vya mti. Juni ni kiangazi: ngoma ikianikwa juani tangu asubuhi ikimsubiri mgeni rasmi, ngozi hujikaza mpaka ikachanika penye vigingi. Iwekeni kivulini. Masika ni kinyume chake, ngozi hulegea na sauti ikawa kama ya debe lenye maji. Hapo hupashwa moto kwenye makaa, kwa mbali, ikigeuzwageuzwa. Anayeisogeza karibu ili amalize haraka ataibabua. Na tafadhali, msiiwekee kipaza sauti. Haikihitaji, mtapata mlio wa spika tu.

Wakongo hupunjwa kwenye ratiba. Hotuba zikirefuka, kinachokatwa ni kwaya na rumba, na mara nyingine rumba inapanda jukwaani wakati jenereta inaishiwa mafuta. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, Warundi wengi wakafika kuanzia 2015. Ni ajabu mwenyeji wa kambi awe wa mwisho kila mara. Kuna pia suala la wasichana: tangu 2017 amri ya serikali ya Burundi inawazuia wanawake kupiga ngoma za kifalme. Msichana akitaka kujaribu huku, wazee wa kikundi waulizwe mapema. Jambo hilo lisiamuliwe na mshereheshaji jukwaani.

Jambo tunalolipinga kabisa ni ushuhuda, yaani kumpa mtu kipaza sauti aeleze mbele ya umati jinsi alivyokimbia. Mafataki pia yakae nyumbani. Akitokea mtu anatetemeka au ameganda, hatua za huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kama mwongozo wa WHO wa 2011 unavyozitaja, ni tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Inatosha turubai moja mbali na spika, mkeka, maji, na watu wawili wanaojua Kirundi na Kiswahili cha Kongo. Usimlazimishe kusimulia.

Chakula ndicho kinachookoa siku. Mkongo anaita sombe, Mrundi isombe, huku kwetu ni kisamvu. Kikipikwa kwa mawese, hakuna anayeuliza mwenzake katoka wapi. Waha, wenyeji wa Kigoma, na Warundi wanaelewana kwa lugha zao, hivyo porojo za jikoni hazihitaji mkalimani. Kitwangwe laini, kichemshwe muda mrefu bila haraka. Kikiharakishwa kinabaki kichungu na sumu ya majani ya muhogo haitoki vizuri. Mkaa ununuliwe kabla, kina mama wasitumwe kuni siku ya sherehe.

Kama kikundi kinaalikwa mjini, kibali cha kutoka kambini kiombwe mapema, kwa majina ya watu wote, pamoja na anayebeba ngoma. Wachezaji walipwe posho. Soda na biskuti si malipo.

Kabla ya kuchangia, uliza ufunguo wa stoo ya ngoma unakaa kwa nani. Ukijibiwa uko ofisini, na ofisi inafungwa saa tisa na nusu, basi mazoezi ya saa kumi hayapo.