Mpira wa puani au wa tumboni?

Mtoto asiyeweza kumeza salama hulishwa kwa mpira, yaani mrija mwembamba wa kupitisha chakula hadi tumboni. Wa puani hauhitaji upasuaji. Muuguzi huuingiza mtoto akiwa kitandani. Ila watoto huung'oa, plasta huchubua shavu, na kabla ya kila mlo lazima uvute majimaji kidogo kupitia mpira uyapime kwa karatasi ya pH (kipimo cha asidi), kuhakikisha mpira uko tumboni: kwa kawaida 5.5 au chini ndiyo salama. Usiku wa manane kazi hiyo inachosha, tuseme ukweli.

Wa tumboni, unaopita kwenye tundu la ngozi ya tumbo, hukaa imara na hufichika chini ya shati. Lakini unadai upasuaji, na ukichomoka tundu laweza kuziba ndani ya saa chache.

Kwa wiki chache, wa puani unatosha. Ikielekea miezi, muulize daktari kuhusu wa tumboni: mapafu ya mwanangu yatahimili nusu kaputi?